Masale Chini ya Gurudumu

Jumatatu ya kwanza ya Aprili, mwaka 1968. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na Mlima haukuonekana siku nzima. Nilifika kwenye karakana ya mitambo pale Moshi nikiwa nimevishika viatu mkononi, nisivichafue siku ya kwanza ya kazi. Fundi Mkuu, Singasinga aliyezaliwa mjini hapo hapo, alitazama miguu yangu yenye matope, akasema, "Huyu ameshajifunza nusu ya kazi."

Nawaandikia ninyi vijana wa mitambo, ingawa sina hakika kama nina la kuwafundisha. Nilisoma hadi darasa la nne, kwetu Kondoa, na mengi niliyoyajua mikono ndiyo iliyoyajua.

Fundi Mkuu alinifundisha kukwamuka na trekta kabla ya kunifundisha kulima nayo. "Ikizama, zima," alisema. "Shuka. Tazama. Mwenye haraka huichimbia kaburi." Alimaanisha kwamba ukikanyaga mafuta, gurudumu huzunguka palepale na kujichimbia, mpaka tumbo la trekta linalala juu ya udongo, na hapo hata trekta nyingine ikija kuivuta haitoki. Kwanza unafungua tela la mizigo. Unachimba mbele ya magurudumu makubwa, unatandika mawe au matawi. Halafu unakanyaga ile pedali ndogo inayofunga difu, ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, lile lililo kwenye utelezi lisile nguvu yote peke yake. Giya ya chini, na klachi unaiachia polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Nililima mashamba ya tambarare misimu kadhaa, kisha nikawekwa chini ya Bwana Maendeleo, ofisa aliyesimamia kazi za kujitolea vijijini. Alikuwa Mchaga wa upande wa Machame, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata masika. Tulikuwa tunapandisha saruji na mabati hadi Kilema, kule mlimani, ambako watu walikuwa wanajenga zahanati kwa mikono yao. Njia za kule ni nyembamba, zinapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu. Ule udongo mwekundu ukilowa ni mlenda mtupu.

Tulikwama mchana, mbele ya kihamba cha Mzee Ndesario. Nilizima, nikashuka, nikatazama, nikafungua tela, yote kama nilivyofundishwa. Tukatandika majani makavu ya migomba, yakateleza. Mvua ilikuwa inarudi na saruji haikufunikwa vizuri.

"Kata majani yenye nguvu," alisema Bwana Maendeleo, akihangaika na turubai. "Haya makavu ni kama tunaipaka mafuta."

Kando ya njia kulikuwa na mimea iliyosimama kwa mstari kuingia shambani, mirefu, yenye shina gumu na majani mabichi yaliyochongoka. Nikaikata kwa panga, mingine nikaing'oa na mizizi, nikaitandika yote. Bwana Maendeleo nisimwonee: hakusema ikatwe ipi, na alikuwa amenipa mgongo. Trekta ikatoka mara moja. Nikikumbuka nilivyofurahi, hata leo naona aibu.

Mzee Ndesario alitoka kwenye migomba akikimbia.

"Chasaka wewe! Umening'olea mpaka!"

Chasaka ni neno la Wachaga kwa mtu asiye wa kwao. Siku ile lilikuwa tusi.

"Shikamoo, mzee," nikamjibu. "Ni majani tu."

Wanawake waliokuwa wanabeba mawe ya zahanati walisimama. Mmoja akasema, "Majani tu! Mwambieni na nyumba yake ni miti tu." Wakacheka, Mzee hakucheka. Bwana Maendeleo akageuka, akaona kilicholala chini ya magurudumu, akaliacha turubai. Yalikuwa masale. Mchaga hupanda masale mpakani, na pale yaliposimama ugomvi huishia hapo. Mzee na mdogo wake waligawiwa kihamba na baba yao, na tangu hapo walikuwa hawasemezani kwa ajili ya ardhi. Ule mstari ndio uliokuwa umewatenganisha.

Kesho yake tulipopanda na mabati, Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia. Alivaa koti la kanisani, na mkononi alishika jani la isale, mmea ule ule wa mpakani, lililofungwa fundo. Nilidhani amekuja kunilaani. Nikazima.

"Kijana," alisema, "jana nilikuita chasaka mlangoni pangu. Mgeni hatukanwi mlangoni. Naomba unisamehe."

Mkono wangu haukunyanyuka. Bwana Maendeleo akaninong'oneza, "Pokea. Isale la kuomba msamaha halikataliwi, hata na aliyeuliwa ndugu." Nikalipokea. Nilitaka kusema na mimi nisamehe, neno halikutoka. Sasa nilikuwa nimekwama mimi.

Haukupita muda, mdogo wake akapanda masale mapya, na Mzee akasema yameingia upande wake. Wakaitana mbele ya wazee wa ukoo. Mimi niliitwa kuwa shahidi, kwa kuwa ndimi niliyeyang'oa yale ya zamani.

"Yalisimama wapi?" aliuliza mkubwa wao. "Juu ya ule mfereji wa maji unaopita kihambani au chini yake?"

Mzee alinitazama bila kuniomba kitu. Nilijua jibu ambalo lingemsaidia, kila mtu pale alilijua. Lakini siku ile nilitazama magurudumu. Kando ya njia niliona majani.

"Sikumbuki," nikasema. "Sikuangalia."

Mdogo alileta majirani wa kumsemea. Mzee alikuwa na mimi tu. Kile kipande walichogombea kikaenda kwa mdogo, pamoja na kahawa iliyokuwa juu yake.

Tulipotoka nje sikuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyenifuata kwenye trekta. "Umesema kweli," aliniambia. "Ungenidanganyia, ningekuwa naula ule uongo na ndizi zake." Akaita nyumbani, mkewe akaleta mkungu, wakaupakia kwenye tela.

Baada ya hapo nilipelekwa Same, kisha Mbulu, nikarudi Moshi chini ya Mkaguzi wa Mitambo aliyependa kutuambia, "Spea hakuna, akili ipo." Nilistaafu mwaka 1985. Nilikwama mara nyingine nyingi, na kila mara niliuliza mwenye shamba kabla ya kukata hata jani. Wenzangu waliniita Bwana Hodi. Sijui kama ile kweli niliyoisema ilikuwa ya haki, au nilikuwa naosha mikono yangu kwa ardhi ya mtu mwingine. Nimejiuliza sana, na sijapata jibu la kuwapa.

Mzee Ndesario alishafariki. Leo mke wa mwanawe ameshuka sokoni, na kama ilivyo desturi yake akapita hapa kwangu Rau, pembeni ya Moshi, na kutuachia mkungu. Nadhani Mzee ndiye aliyewaagiza, sijawahi kuuliza. Jioni mke wangu alipika kiburu, ndizi kwa maharage, na wajukuu wakaomba kuongezwa. Mimi nilikula changu polepole, nikamaliza. Nacho, kama isale, hakikataliwi.