Herufi Iliyokosewa Katika Barua ya Kaka

Kaka alirudi kutoka machimbo ya Geita akiwa mwepesi kuliko begi lake. Katika hospitali ya Shinyanga nilimlisha uji kwa kijiko, na kila mara aliutapika. Siku moja akaniambia nimwandikie mama, kule Runzewe.

"Mwambie ninakula vizuri."

Niliandika polepole, kama kawaida yangu. Kaka akachungulia.

"Umeandika *ninakura*. Mama atadhani nimelazwa kwenye kituo cha kupigia kura."

Sisi Wasukuma, l na r hutuchanganya mdomoni, na mkononi vilevile. Niliona aibu, maana daktari alikuwa amesimama karibu. Daktari huyo, mwanamke, hakuwa na muda mrefu tangu arudi kutoka masomoni ng'ambo.

"Kosa kama hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta kule," alisema.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Alisema kirusi cha ugonjwa wa kaka kina kimeng'enya, tumwite karani, anayenakili maandishi ya kirusi ndani ya chembe za damu. Maabarani kule walibadilisha maandishi hayo herufi moja moja, wakatazama kama karani bado anaweza kazi. Mahali pengi ukiharibu, anaendelea tu kunakili. Mahali pachache, herufi moja inatosha, mkono wake unakufa ganzi.

"Mwajirini huyu mdogo wangu," kaka alisema. "Ataharibu yote kabla ya Jumapili."

Mimi sikucheka. "Mkipajua mahali hapo, mtamwekea kaka hiyo herufi?"

"Hapana. Hayo hufanyika kwenye chupa. Tukipajua, itatafutwa dawa ya kupiga hapo hapo."

"Lini, daktari?"

Aliitazama karatasi yangu. "Sijui. Si karibuni."

Kaka akageukia ukutani.

Barua sikuirekebisha, karatasi ilikuwa hiyo moja. Katekista wa kwetu alimsomea mama, akatamka *ninakula* bila kusita, kwa kuwa naye huandika kama mimi. Mama akafurahi. Akasema basi amalize kwanza kuchuma pamba.

Alipofika na unga wa mtama wa kumpikia kaka, kitandani alikuwa amelala mgonjwa mwingine.

Barua ile mama alinirudishia. Nimeipitia mara nyingi, herufi kwa herufi. Kosa langu halikuzuia kitu. Uongo ulifika mzima.