Risasi za Mkwe

Juzi nilipita Kharumwa, nikaingia kwa mnunuzi wa dhahabu tunayefahamiana. Kwa utani akaniwekea kipande kiganjani, nikisie uzito kabla hajakiweka kwenye mizani. Nikajikuta nimefumba macho. Hapo hapo, rafiki yangu, nikamkumbuka Babu.

Babu mzaa mama alikuwa na leseni ya uwindaji na bunduki kuukuu, kitako chake kimefungwa waya. Aliniita mke wake mdogo, na Bibi alijifanya kununa huku akinipakulia michembe, vile viazi vikavu vya kuungwa karanga. Kabla ya mawindo Babu alinifumbisha macho, akaniwekea risasi mkono huu na mkono huu, nimwambie ipi nzito.

"Mbuga yetu iko wazi," alisema. "Kongoni anakuona toka mbali, na wewe unampiga toka mbali. Risasi nyepesi upepo unaisukuma. Halafu mtutu huu mzee umezoea nzito, ng'wana wane, mwanangu."

Msimu mmoja Baba, aliyekuwa mchimbaji Geita, alibahatika. Akamletea mkwewe boksi zima la risasi mpya zinazong'aa. "Hizi zina mbio, Baba," alijisifu. Babu alipokea kwa mikono miwili. Baba alipotoka, Babu akanipa moja mpya na moja ya zamani, nikamwambia mpya ni nyepesi.

"Najua," alisema.

Kwenye kopo lake zilibaki nzito chache, za kutosha mawindo yale. Bibi akamnong'oneza achukue zake, hizo nyingine azifiche. Lakini Baba ndiye angemsindikiza mbugani, na kwetu zawadi ya mkwe haiwekwi kando mbele ya macho yake. Babu akazijaza zile mpya mfukoni.

Walirudi jua limezama, mikono mitupu. Sufuria la Bibi lilikuwa limechemka mpaka maji yakakauka. Kongoni alipigwa pajani, akakimbia akivuja damu. "Macho yangu yamechoka, mkwe," Babu alimwambia Baba, nasi tukisikia. Kesho yake alirudi mbugani peke yake, akamtafuta kutwa nzima asimwone. Kumwacha mnyama aliyemjeruhi ateseke, hilo Babu hakuwahi kulifanya. Bunduki akaikabidhi polisi. Tangu hapo alikaa nasi uani akimenya karanga, akitazama mbugani, na hakunifumbisha macho tena. Mchezo ule niliukosa sana, na bado naukosa.

Siku hizi mbuga ile ni mashimo na kelele za mashine za kusaga mawe. Kongoni hakuna. Babu na Bibi wametangulia, na Baba naye amezeeka. Kila tukimtaja Babu, anatikisa kichwa kwa huruma.

"Macho yalimwangusha Mzee," husema. "Maana risasi nilimpa nzuri."

Inaniuma kila mara. Kisha namjibu kama ambavyo Babu angemjibu.

"Nzuri sana, Baba."