Foleni Ilisoma Sifuri

Mpaka leo nikiona sifuri kwenye skrini, hupiga simu kuhakikisha.

Ilikuwa Juba, kusini mwa Sudan, miaka ile ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya maoni ya uhuru. Nilikuwa nimetoka Nairobi kuliandikia shirika moja la afya programu za kompyuta, na nilijiona mjanja sana. Chumba cha redio kilikuwa mtaa wa Gurei. Magari ya wagonjwa yalikaa mtaa mwingine, Hai Amarat, kwenye ofisi yangu. Kliniki za vijijini zikiita kwa redio, mama mmoja wa Gurei aliandika maneno yao kwenye daftari, akapiga simu Amarat, na hakukata mpaka mpokeaji amrudishie neno kwa neno. Laini ikikatika alianza upya. Jambo la dakika mbili lilikula ishirini.

Mimi nikaja na dawa. Nilichukua laibrari, yaani msimbo wa programu uliokwisha kuandikwa na wengine, unaojua kupeleka ujumbe kutoka programu moja hadi nyingine. Mama angeandika kwenye kompyuta yake, ujumbe ungeingia kwenye foleni, programu ya Amarat ingeuchukua na kujibu "nimepokea," na hapo foleni ingeufuta. Jibu hilo lilikuwa na njia mbili. Unaweza kuiachia laibrari ijibu yenyewe mara tu ujumbe unapoigusa mashine, au usubiri kwanza uhifadhiwe na mtu wa magari auone, ndipo ujibu. Njia ya pili ilitaka mistari michache zaidi. Nilikuwa na haraka.

"Ustaz," mama aliniuliza siku ya kwanza. Alikulia ukimbizini Uganda, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. "Sasa mimi napata kujua aje kama mutu amesikia?"

"Ukiona foleni ni sifuri, mama, ujumbe umefika. Mambo ya simu basi."

"Hakuna mutu ya kurudisha maneno?"

"Hakuna haja," nikasema, nikicheka. Nilimcheka, ndiyo, mtu wa umri wa mama yangu.

Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja ya mvua, saa nne, kliniki ya barabara ya Yei ikaita: mjamzito ana uchungu tangu jana, mtoto amekwama, leteni gari. Mama akaandika. Foleni ikasoma moja, halafu sifuri. Wakati huohuo, Amarat, walikuwa wanabadilisha jenereta na umeme ukazimika. Betri ya akiba ilikuwa imeshauawa na joto. Umeme uliporudi niliwasha kompyuta, nikaona skrini haina kitu, nikaenda zangu kunywa chai.

Saa saba mama aliingia getini juu ya boda boda, ameloa chapachapa. Hakunisalimia.

"Kliniki wanaita tena. Simu haishiki. Hii gari iko inafanya nini hapa?"

Nikamwambia hakuna ujumbe uliofika. Akafungua daftari lake na kuweka kidole kwenye mstari. Niliusoma mara moja tu, nikamwita dereva. Dereva alitoka mbio. Nikafungua kumbukumbu za foleni: ujumbe umeingia, umechukuliwa, umejibiwa, umefutwa. Programu yangu ilikuwa imesema "nimepokea" kabla ya kumwambia mtu yeyote, wala kuuhifadhi ujumbe, na umeme ulipozimika ukapotea nao.

Nikaibadilisha programu palepale, ijibu tu baada ya mtu wa magari kuuona ujumbe. Dakika kumi, si zaidi. Mama alikaa karibu na mlango, nguo zikimkaukia mwilini. Afadhali angenitukana. Kila gari lililopita nje niliruka, ingawa nilijua letu haliwezi kurudi mapema hivyo.

Lilifika kliniki saa tisa. Mwanamke aliletwa Juba, akapasuliwa, akapona. Mtoto alitoka amekufa. Muuguzi alisema huenda alishakufa tangu asubuhi, huenda hakuwa amekufa. Kwenye ripoti niliandika "hitilafu ya umeme," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Baada ya siku kumi hivi, mwanamume mmoja alikuja Amarat akimtafuta mtu wa mashini. Alikuwa mume wa yule mwanamke. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka kwenye kifundo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wamesema ni mashini yako iliita gari. Mke wangu yuko hai. Shukran, ustaz."

Nikampa pole ya mtoto. Aliinama kidogo, hakuuachia mkono wangu.

"Kliniki iliita saa nne," akasema polepole, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. "Gari likakuja saa tisa. Ile barabara iko mbaya namna hiyo?"

Alikuwa ananiangalia usoni, hana shaka nami hata kidogo.

"Ni mbaya sana," nikamwambia.