Motakaa Iliyompa Mkwe Mgongo

Jamani, leo nimekwenda kuposa kinyumenyume!

Mwaijua motakaa yangu chapa Jogoo, haipatani na injini yoyote. Fundi kaipachika injini ya kukamulia mafuta ya nazi, ikakubali kurudi nyuma tu.

Nami niliyefika Bombay, niende kuposa kwa miguu? Thubutu!

Nikaingia Shela, nyuma ya gari ndiyo mbele. Mzee Athumani, babake binti, akang'aka: "Waja kuposa wanipa mgongo? Toka!"

Mimi na vijana wa hapo tukaisukuma, tukaigeuza. Nikaondoka uso kwa uso naye, namwamkia mpaka mwisho wa njia.

Mzee akalainika: "Kumbe ana adabu! We kijana, rudi!"

Nirudije, ndugu zangu?

Nikaruka, nikaiacha iende zake.

Posa imepokewa. Mkiiona Jogoo yapita Mnarani, isalimieni.