Kaka Deo na Bunduki ya Upepo

Mafuta ya cherehani yakipashwa moto kidogo na kutiwa kipande cha ngozi hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Inakaribia ya viatu vipya, inakaribia ya samli, lakini si mojawapo ya hizo. Harufu hiyo ilijaa baraza ya nyuma ya nyumba yetu ya Kabuga, nje kidogo ya Kigali, kiangazi kimoja kizima, nikiwa msichana wa shule ya msingi, ikichanganyika na vumbi jekundu la njia iliyoteremka bondeni. Ilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga lililowekwa juu ya jiko la makaa yaliyokuwa yakififia, na ndani ya kopo kulikuwa na ngozi ya mviringo, ndogo kuliko mdomo wa chupa ya soda. Ilikuwa ngozi ya bunduki ya upepo ya baba. Ilitakiwa inywe mafuta taratibu hadi ilainike na kuvimba, ili ikirudishwa mahali pake hewa isipate mwanya wa kupenya.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya Kijerumani, nzito, yenye kitako cha mti wa rangi ya chai iliyokolea. Babu aliipata Bukoba kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaitumia kule Karagwe kufukuzia tumbili na ndege kwenye mtama, na familia iliporudi Rwanda kutoka ukimbizini baba alikuja nayo ikiwa imeviringishwa ndani ya mkeka. Haikuwa na baruti. Ulikunja mtutu kuelekea chini mpaka usikie inanasa, na kwa kufanya hivyo ulikuwa umeibana springi nene iliyolala tumboni mwake. Kisha ulitia kijirisasi, ukarudisha mtutu, ukalenga. Ukifyatua, springi iliachiwa, ikasukuma pistoni, pistoni ikasukuma hewa, na hewa ikatoa risasi. Baba alikuwa mpimaji wa ardhi na alipenda kueleza mambo kwa mpangilio huo, moja likizaa jingine, mpaka mtoto aone mwenyewe.

Mama hakuipenda. Tuliporudi alitafuta shangazi na wajomba zake ambao hawakuwahi kukimbilia Tanzania, akakuta nyumba tupu, na tangu hapo neno bunduki halikuwa neno dogo kwetu. Baba aliipeleka kwanza kwa viongozi, wakaikagua na kumruhusu, halafu akapita kwa majirani mmoja mmoja kuwaonyesha na kuwasikilizisha mlio wake, ambao kwa kweli haukuzidi wa mlango uliobamizwa. Hata hivyo tulikuwa na sharti: jirani akiwa uani mwake, hakuna kufyatua. Na hakuna kulenga chochote chenye uhai. Tulilenga vifuniko vya makopo vilivyotundikwa kwa kamba kwenye mwisho wa kiwanja chetu, mbele ya tuta la udongo ambalo baba alilirundika mwenyewe.

Kaka yangu Deo alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Miaka miwili kabla ya hapo aliumwa koo, sote tukadhani ni mafua, akanywa maji ya tangawizi akapona. Baadaye magoti yakavimba, yakapoa, yakavimba tena. Tulipokuja kujua kwamba ugonjwa ulikuwa umeshuka mpaka moyoni, ulikuwa umeshafanya kazi yake. Daktari mmoja wa mjini alimchorea baba moyo kwenye karatasi na kumweleza kwamba milango yake haifungi sawasawa, damu inayotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma. Alisema kuna madaktari bingwa ambao huja kutoka nje mara moja moja kufanya upasuaji wa moyo, na kwamba watakapokuja tena watamwona Deo. Kazi yetu ilikuwa kungoja. Deo aliacha shule kwa muda, kwa sababu kilima cha kwenda huko kilimshinda, na baba, ili kuipa mikono yake shughuli, alimkabidhi bunduki.

"Kuanzia leo ni yako," alimwambia. "Lakini ukiwa mwenye mali, wewe ndiye unayeitunza. Ikipata kutu nitakuuliza wewe."

Nadhani sijapata kuona mtu akitunza kitu namna ile. Deo alitandaza magazeti mezani, akaifungua bunduki chini ya macho ya baba, na kila kilichotoka alikiweka kwa mpangilio wa kutoka kwake. Alisugua ncha za springi kwa msasa laini mpaka zikang'aa, kwa sababu ncha yenye makwaruzo huifanya bunduki itetemeke. Alipaka grisi kidogo sana, kwani ikizidi huungua na kutoa moshi. Nilipotoka shule nilikaa naye, nikipewa kazi ya kufuta na kushika. Siku alipoitoa ile ngozi kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekauka na kupasuka ukingoni. Aliigeuzageuza kwenye kiganja.

"Unaona, Josi? Ndiyo maana ilikuwa inapiga kivivu. Hewa inavuja hapa." Akatabasamu upande mmoja, kama alivyozoea. "Tunaumwa ugonjwa mmoja, mimi na hii."

Baba alisikia. Aliinuka akaenda kutafuta kopo la mafuta.

Springi nayo ilikuwa imechoka, imepinda kidogo katikati kama mgongo wa mzee. Baba alimwagiza rafiki yake wa Mwanza, na baada ya wiki kadhaa mzigo ukaja na abiria wa basi: springi mpya, nyeusi, yenye nguvu kiasi kwamba baba na Deo walilazimika kuikandamiza pamoja ili waifungie ndani. Siku hiyo Deo alipofyatua, kifuniko hakikulia tu, kilizunguka juu ya kamba yake mpaka kikajifunga. Mama alitoka jikoni mkono ukiwa kifuani. Alipomwona Deo anacheka, na yeye akacheka, jambo ambalo sikulitarajia. Kwa majuma machache baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa nyumba ya kawaida. Asubuhi Deo aliota jua, adhuhuri alilala, jioni baba akirudi kutoka kazini walikwenda pamoja kuangalia vifuniko na kubishana juu ya upepo.

Kisha mtutu ukaanza kumshinda. Si kwa siku moja. Mwanzoni aliukunja akiwa amesimama, baadaye akawa anaketi na kuegemeza kitako kwenye paja, baadaye tena akawa anapumzika kabla ya kutia risasi, midomo ikiwa imepauka na jasho likimtoka juu ya nyusi. Nilimwambia, "Lete nikukokie." Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa na nguvu, nilichota maji kila siku. Alinitazama kwa ukali ambao hakuwa nao kwangu.

"Bunduki unakoki mwenyewe. La sivyo si yako."

Baba aliyaona hayo kupitia dirishani. Ijumaa moja Mama alimpeleka Deo kliniki mjini, nami nilirudi kutoka shule mapema nikamkuta baba barazani, wakati ambao alipaswa kuwa kazini. Magazeti yalikuwa yametandazwa. Springi mpya ilikuwa imelala mezani, na baba alikuwa akiirudisha ile ya zamani ndani ya bunduki. Iliingia kwa urahisi, bila hata yeye kukunja uso. Nilisimama pale na begi langu mgongoni, nikaelewa. Baba aliinua kichwa, macho yake yakiwa mekundu.

"Kaka yako asijue," alisema. "Acha aendelee kukoki mwenyewe."

Niliitikia kwa kichwa. Alifunga skrubu ya mwisho, akaifuta bunduki alama za vidole vyake, akaitundika pale pale ilipokuwa.

Kesho yake Deo aliikunja akiwa amesimama. Nilimwona akishangaa, akaikunja tena bila kutia risasi, na uso wake ukanawiri. Mama akasema dawa mpya za kliniki zinafanya kazi, Mana yanjye, Mungu wangu, asante. Baba akasema huenda. Deo alikwenda kusimama kwenye mstari wake, akalenga, akafyatua. Risasi iliingia kwenye udongo chini ya kifuniko. Akafyatua tena, ikaingia palepale. Alikuwa hakosi siku hizo, na mkono wake ulikuwa umetulia. Akatia risasi nyingine, na safari hii hakutazama kifuniko. Alifumba macho, akasikiliza. Mimi pia nilisikiliza, na hata mimi niliweza kusikia kwamba kati ya mlio wa bunduki na mlio wa udongo nafasi ilikuwa imerefuka.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. "Vipi, bwana?" aliuliza, sauti yake ikichangamka kupita kiasi.

"Upepo, baba," Deo alijibu. "Leo kuna upepo."

Hakukuwa na upepo. Nguo za Mama zilikuwa zimening'inia kwenye kamba bila kutikisika. Baba alipoingia ndani, Deo aliketi kwenye ngazi, akanivuta nikae karibu.

"Ulikuwepo alipoibadilisha?"

Nilianza kulia, akaniziba mdomo kwa upole.

"Usimwambie kwamba najua. Sawa? Usimwambie. Amehangaika sana."

Basi nikawa katikati yao, mtoto wa miaka tisa, nikimfichia kila mmoja mapenzi ya mwenzake. Jioni baada ya jioni baba alimsifu Deo kwa nguvu zake, na Deo alizipokea sifa hizo kwa tabasamu la upande mmoja, na vifuniko vikaanza kulia tena. Sikujiuliza vilianzaje kulia. Nilifurahi tu kuvisikia.

Madaktari walikuja mwishoni mwa kiangazi. Walimchukua Deo wodini, wakampima kwa mashine siku mbili, na mmoja wao, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe, aliwaita wazazi wangu chumbani akaongea nao kupitia mkalimani. Mapafu yalikuwa yamebeba mzigo wa moyo kwa muda mrefu mno. Wangempasua, asingetoka mezani. Mama alinisimulia miaka mingi baadaye kwamba yule daktari alilia, na kwamba yeye na baba ndio waliombembeleza. Deo alirudi nyumbani. Hakuuliza chochote, wala hakuna aliyemwambia; alitazama tu jinsi Mama alivyomtandikia kitanda. Aliendelea kwenda kwenye mstari wake mpaka juma ambalo hakuweza tena kufika barazani. Mvua za kwanza zilipoanza kugonga mabati alifariki, asubuhi, Mama akiwa amemshika mguu na baba akiwa amemshika kichwa. Majirani walijaa uani, hata wale waliokuwa wakiogopa ule mlio. Waliketi nasi kimya, na kila aliyeingia alisema mwihangane, yaani poleni, akatafuta pa kukaa.

Siku chache baada ya maziko baba aliishusha bunduki. Alitaka kuipaka mafuta kabla ya kuihifadhi, kwa sababu ya unyevu. Nilikuwa mlangoni. Aliiweka magotini, akapitisha kitambaa kwenye mtutu, na mkono wake ukasimama kwenye alama ya kulengea ya nyuma, ile inayopandishwa na kushushwa kwa skrubu ndogo. Deo alikuwa ameipandisha yote, mpaka mwisho, skrubu isiweze kuzunguka zaidi. Mtu hupandisha alama hiyo kwa sababu moja tu, anapojua kwamba bunduki yake imepungua nguvu. Baba aliitazama kwa muda mrefu. Aliizungusha skrubu kidogo kwa ukucha, akairudisha ilipokuwa.

"Alijua," alisema.

"Alijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilidhani atanikasirikia. Aliiegemeza bunduki ukutani, akajifunika uso kwa kile kitambaa chenye mafuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikuwa sijamwona baba akilia, hata makaburini. Mama alitoka, akatutazama. Aliketi chini sakafuni, akaegemea miguu ya baba.

Sheria za silaha zilipokazwa, baba aliipeleka mwenyewe kituo cha polisi, nasi hatukuizungumzia tena. Nimekuwa mtu mzima. Nafanya kazi katika ofisi ya ghala moja huko Masoro, mahali ambapo utotoni palikuwa na mashamba ya mtama na ng'ombe wachache, na kila asubuhi malori yanapanga foleni kwenye lami. Kabuga imejaa maghorofa. Kiwanja chetu kimegawanywa, na pale palipokuwa na tuta la baba pana duka la vigae. Mama alitutoka. Baba anaishi nami Remera, anasikia kwa shida, na siku nyingi huketi dirishani akitazama watu wanavyoteremka kwenye mabasi.

Mwaka huu mtoto wa mwenzangu wa kazini alipasuliwa moyo. Ulikuwa ugonjwa uleule, ulioanza kooni vilevile, ila uligunduliwa mapema, na upasuaji umefanyika hapahapa Kigali, bila kungoja ndege ya mtu yeyote. Nilikwenda kumwona nyumbani kwao na maziwa. Alinionyesha kovu lake kwa majivuno, akalifunika, akatoka nje kwa wenzake. Nilibaki sebuleni na mama yake, nikimpongeza kwa maneno yote niliyoyajua, na chai yangu ikapoa mkononi.

Niliporudi nilimsimulia baba, nikiinua sauti ili anisikie. Alisikiliza hadi mwisho, kiganja kikiwa nyuma ya sikio.

"Anakimbia?" aliuliza.

"Anakimbia, baba."

"Na mama yake hamkatazi?"

"Hamkatazi."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniomba nimsimulie tena, kuanzia mwanzo, na alipotaka kujua mtoto huyo ana umri gani nikamwambia kumi na minne, akaligeuzia uso dirisha.