Nyanya wa Kuibwa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nimejilaza kwenye kochi kama desturi yangu. Wenzangu wa kidato cha nne walikwenda kutafuta maisha. Mimi niliyangoja nyumbani. Mama alikuwa jikoni akichemsha chai, nami nazungusha redio, mara nikamsikia akifoka kutoka stesheni ya Nairobi: "Mawili na chipukizi! Hayo mengine utakunywa wewe!"

Nikageuka. Mama huyu hapa mlangoni, mwiko mkononi, mdomo wazi.

Maneno yalikuwa yake. Ndivyo alivyotufokea kwenye shamba letu la chai, tulipoacha majani mawili machanga na chipukizi lake tukachuma makubwa makubwa ili kikapu kijae upesi. Kaka yangu Kibet, aliyepiga nyimbo za zilizopendwa katika stesheni ndogo ya redio pale Kericho, alimwomba Mama ruhusa, akamrekodi, akayafanya kibwagizo cha kipindi chake. Kila mara alimalizia, "Huyo ni mama yangu, msimkasirishe." Kutoka Chepseon hadi Silibwet watu waliyasema wakicheka.

Sasa huyu dijei wa Nairobi, aliyewahi kumtembelea Kibet na kunywa chai hapa kwetu, vikombe kadhaa bila haya, alikuwa ameinakili kanda ya Kibet. Tena akaongeza: "Huyo ni nyanya yangu, jamani!"

"Nyanya?" Mama akaniuliza. "Weri, kijana wangu, mimi nilimzaa baba ya huyo lini?"

Nikacheka. Wewe kijana, usicheke mama akiwa na mwiko.

Haikupita wiki, Kibet akaja uso umemshuka. Mkubwa wake kazini alikuwa amemwambia aache kibwagizo hicho au aache kipindi, kwa sababu watu wanasema anaiga Nairobi. Yaani mwenye mali ndiye mwizi! Nilipandwa na hasira, nikavaa viatu niende Nairobi kumtia mtu adabu. Nilifika Silibwet tu, Nairobi ingali mbali, nikanywa soda, nikarudi.

Aliyekwenda ni Mama. Hakwenda Nairobi, alikwenda Kericho, ofisini kwa yule mkubwa. Alikataa kiti, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya shambani, yote, mpaka makarani wa vyumba vingine wakachungulia.

"Haya," akasema. "Niambie mimi nimemwiga nani."

"Mama, keti, tafadhali," mkubwa akajibu. "Kibet ataendelea."

Usishangilie bado. Kibet alimpigia simu yule wa Nairobi amwombe aache. Akajibiwa, "Buda, sisi madijei tunaazimana tu. Wewe pia chukua yangu!" Kuazima gani huko, mwenyewe hajaulizwa? Yule dijei akaendelea mwaka baada ya mwaka, na wageni wakizidi kumuuliza Kibet kwa nini anaiga wakubwa.

Kisha Mama akafariki. Tulimzika Jumamosi. Kesho yake, wageni wangali uani, mtu akafungua redio, na sauti ya Mama ikatoka. Yule bwana akacheka: "Nyanya yangu leo ana nguvu!" Kibet alizima redio, akatoka nje. Mimi mpaka leo sijapoa, na siombi kupoa.

Mwanangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nami nasema hata hiyo ina heshima yake, maana uliiomba. Ukipenda neno la mwenzio, liombe, kisha utaje ulikolitoa. Kumtaja mwenyewe hakupunguzi sauti yako. Ukiambiwa umekosea, usiseme "tunaazimana", rudisha. Mwizi wa kuku ana nafuu, kwa maana kuku huliwa akaisha. Mwizi wa neno humwacha mwenyewe akijieleza mbele za watu kwamba yeye ndiye yeye.

Nenda, Mungu akupe neno lako mwenyewe, lizaliwe kinywani mwako, likulishe. Na wale watakaolisema baada yako, awape ulimi wa kukutaja jina.