Mbuzi Walionona Simuni

Mimi si mgonjwa mwema. Watu wengine hupata mafua wakajipangusa na kwenda kazini. Mimi nikipata mafua nataka nyumba nzima ijue, na jirani wa ukutani ajue pia. Julai hiyo baridi ilishuka Machakos ikakataa kuondoka, ukungu ukawa unakaa vilimani hadi karibu adhuhuri, nami nikaamka pua zimeziba na macho yanatiririka. Nilipiga simu kiwandani Athi River, ninakokata vitambaa vya nguo, nikamwambia msimamizi kwamba leo siwezi. Aliisikia sauti yangu, akasema nisiende kuwaambukiza wenzangu.

Mke wangu alinichemshia majani ya mkaratusi, akanifunika blanketi nijifukize, akaniachia chai ya tangawizi kwenye thamosi kisha akaenda sokoni, anakouza nguo za watoto. Mtoto wetu alikuwa shuleni. Nikabaki kitandani na karatasi za kupengea kamasi, na simu.

Ujinga ulianzia hapo. Kuna programu moja ya simu ambayo mabinti huitumia kupunguza kiuno na kuongeza makalio. Unasukuma kwa kidole, nyama inahama. Nilijipiga picha, nikaivuta pua yangu mpaka ikawa na ukubwa wa papai, nikamtumia mke wangu na kumwarifu kwamba hali ya mgonjwa ni mbaya, pua imeomba chumba chake. Alinijibu kwa vicheko, akasema ameionyesha meza zote za jirani na kwamba muuza viatu anauliza kama pua hiyo inakula. Sifa hunilewesha upesi. Nikajitengeneza tena, mara hii kichwa changu kikiwa juu ya chupa ya dawa ya kikohozi badala ya kifuniko. Nilicheka peke yangu hadi kikohozi kikanikaba.

Nikiwa katika raha hiyo, kaka yangu mkubwa akanitumia picha kutoka soko la Kithyoko. Alikuwa amenunua mbuzi watatu, madume wawili na jike mmoja, akawafunga kwenye kigingi na kuwapiga picha ili nione kazi imekwisha. Kiangazi kilikuwa kimewapitia. Mbavu zilionekana wazi, na yule jike alikuwa ameinamisha kichwa kama anayeomba radhi.

Lazima nieleze mbuzi hao walikuwa wa nini. Kwetu Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka kwao wapokee mbuzi wa ntheo. Unaweza kuishi naye, mkazaa, mkanunua kochi na friji, lakini bila mbuzi hao watatu yeye bado ni binti wa kwao na wewe ni mtu tu anayekaa naye. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeanza kwa njoo tukae, na kila mwaka nilisema mwaka ujao, hadi mwaka huu tukapanga ntheo iwe Jumamosi ya wiki hiyo. Aliyeumia kwa mwaka ujao wangu hakuwa mimi wala mke wangu. Alikuwa mama yake, mjane anayelima kule Kola, mwanachama wa kikundi cha kina mama wa kigango chao cha Kikatoliki. Wenzake wote wa kikundi walikuwa wameozesha. Alikuwa amekula nyama ya ntheo katika boma zao zote na hajawahi kumlisha mtu yeyote kwake. Mke wangu aliwahi kuniambia kwamba kwenye sherehe hizo mama huenda moja kwa moja jikoni kusaidia kuosha vyombo, ili asikae mahali watu watamwuliza kwake ni lini. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Sitaki mtu adhani sikulijua.

Basi nikawachukua mbuzi wale watatu nikawanenepesha. Nilisukuma matumbo, nikajaza mapaja, nikawatia shingo za fahali. Programu ile haina akili, ukivuta mbuzi inavuta na kilicho nyuma yake, kwa hiyo kigingi kikapinda kama ndizi. Hilo ndilo lililonichekesha zaidi. Nikaiweka picha kwenye stetasi yangu, pale ambapo kila aliye na nambari yangu huona, bila maelezo yoyote, maana nilidhani kigingi kinajieleza. Kaka yangu alicheka. Wenzangu wa kiwandani walicheka na kuuliza mbuzi hao wanakunywa maziwa ya kampuni gani. Nikalala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Niliamshwa na mlango jioni. Mke wangu alisimama mlangoni na mfuko wake wa nguo begani, hata kuutua hakuutua, na uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa ametoka kuongea na mama yake. Dada yake anayeishi pale Kola alikuwa ameiona picha kwenye stetasi yangu, akaikuza, asitilie shaka, akampelekea mama shambani. Mama mwenyewe ana simu ndogo ya kupigia tu, haoni picha isipokuwa kwenye simu za watu wengine. Aliikodolea macho muda mrefu, kisha akaiazima simu ya binti yake na kuipeleka kwenye mkutano wa kikundi mchana ule ule. Kila mmoja aliishika na kuitazama.

"Mama anasema hajawahi kuona mbuzi kama hizo," mke wangu akasema. "Anasema ziko na nguvu mpaka zimepinda mti."

Yeye mwenyewe hakuwa ameiona. Alikuwa na wateja mchana kutwa, na jambo la mwisho alilokuwa ameliona kwenye simu ni kichwa changu juu ya chupa. Alikuwa anangoja nimwambie mbuzi wale nimewapata vipi. Lilikuwa jambo la kusema sentensi moja, na angecheka, au angekasirika, halafu angempigia mama yake na picha ingefia hapo. Nikakohoa. Kikohozi cha kweli nilikuwa nacho, lakini hicho sicho nilichokohoa. Nilikohoa kirefu, nikajishika kifua, nikaelekeza mkono kwenye thamosi, naye akatua mfuko na kunimiminia chai. Alinisugua mgongo. Kisha akaenda kupika, akiimba.

Nilimpigia kaka yangu nikiwa nimejifunika blanketi. Nilimwuliza kama tunaweza kupata mbuzi wengine. Akaniuliza wengine wa wapi, sherehe ni Jumamosi, akaongeza kwamba mbuzi kama wale wa kwenye simu hawako Kithyoko wala kwingineko duniani. Akasema watu wakishaona mbuzi wenyewe wataisahau picha. Nilitaka sana kumwamini, kwa hiyo nikamwamini.

Jumamosi tulifika Kola mchana, wazee wetu mbele, mimi nyuma, kitambaa mkononi, pua nyekundu. Wanawake wa boma walikuwa wamefunga lango kwa miili yao, kama ilivyo desturi, wakiimba na kututania kwamba hatuingii. Kikundi kizima kilikuwepo, wamevaa vitenge vya sare. Mama mkwe wangu alikuwa katikati yao. Sikumtazama usoni, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawazungumzi ana kwa ana. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Lakini niliona kwamba kitenge chake kilikuwa kipya, na kwamba siku hiyo hakuwa jikoni.

Kaka yangu akafungua nyuma ya pikapu na kuwashusha mbuzi.

Wimbo haukukatika mara moja. Ulianza kufa mbele, kwa walioona kwanza, ukaendelea nyuma kwa waliokuwa hawajaona, mpaka ikabaki sauti moja ya bibi mmoja aliyefumba macho, naye pia akanyamaza. Mbuzi walisimama vumbini wakitetemeka kwa safari. Yule jike akalia kidogo.

Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa karibu na mwimo wa lango akatazama ndani ya pikapu, akatazama barabarani tulikotoka.

"Na wale wa kwa picha wanakuja na gari gani?" akauliza.

Kicheko kilichotoka pale nitakisikia mpaka nizeeke. Mjomba wetu, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, hakujua picha gani, akageuka kumwuliza kaka yangu, na kaka yangu akanigeukia mimi. Bwana harusi hasemi siku ya ntheo, anasemewa. Huo ndio udhuru niliouchukua. Lakini ningeweza kumnong'oneza mjomba kwamba ulikuwa mzaha wangu, naye angesema kwa sauti, na kicheko chote kingenihamia mimi ninayekistahili. Ningechekwa nusu saa. Nilipenga kamasi. Mzee mmoja wa upande wao aliniona nikipangusa macho, akamwambia mwenziwe kwamba kijana ameguswa sana.

Ndipo mama mkwe wangu akatoka katika kundi. Aliwaendea mbuzi, akamshika yule jike pembe, akampapasa mgongo ambao ulikuwa mifupa mitupu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa na nikaona miguu yake tu, na viatu vyake vya kanisani.

"Ni hawa," akasema. "Nimewajua. Ni safari ya Kithyoko imewakondesha."

"Safari ya Kithyoko tu?" yule mwanamke mnene akauliza.

"Kwa mbuzi ni mbali."

Akaichukua kamba mwenyewe mkononi mwa kaka yangu na kuwaingiza bomani. Hakuna aliyeongeza neno, kwa kuwa mbuzi ni wake na boma ni lake, na akishasema ni hawa basi ni hawa. Wimbo ukaanza tena, mwanzo kwa kusitasita. Wazee wakaketi, yakasemwa yanayosemwa, mbuzi wakapokelewa. Mke wangu akawa mke wangu kweli, mbele ya watu wa kwao wote, na nilipaswa kuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale.

Dume mmoja alichinjwa. Nyama ilikuwa kidogo. Nilimwona mama mkwe akizunguka na sufuria, akimpa kila mwanamke wa kikundi kipande chake, akianza na yule mnene, na alipofika mwisho akaangalia ndani ya sufuria na kuipeleka jikoni. Sikumwona akila.

Mafua yaliisha wiki iliyofuata. Jioni moja, baada ya mtoto kulala, nilimweleza mke wangu kila kitu, kuanzia programu hadi kikohozi. Alinisikiliza huku akikunja nguo za kuuza. Alikuwa ameshajua. Alijua tangu pale langoni, alipomwona kaka yangu akinigeukia. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Nilimwambia kwamba nimemwaibisha mama, na kwa kuwa siwezi kumwendea mwenyewe, naomba anipelekee msamaha.

"Alisema usijisumbue," akanijibu. "Anangoja Padre akuje aungame."

Nikauliza aungame nini.

"Ile uongo ya safari. Anasema aliisema mbele ya watu na alijua si kweli. Hajapokea Ekaristi tangu hiyo siku."

Nakijua kigango chao. Padre hufika mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine katekista ndiye hugawa Ekaristi, na kabla ya Misa wanaotaka kuungama hupanga foleni nje, kando ya ukuta, kina mama wa kikundi wakipita na kumwona kila aliyesimama. Kila mtu hujua nani amesimama pale, na wengine hukisia kwa nini. Nilimfikiria mwanamke yule na viatu vyake vya kanisani, amesimama kwenye foleni kwa sababu ya mbuzi wangu. Nikamwuliza mke wangu, kwa sauti ya chini, kama mama atanitaja.

Akanitazama, nguo ya mtoto mkononi, kama mtu ambaye hakulielewa swali.

"Akutaje kwa nini?" akasema. "Wewe hukusema kitu."